Kufunga Sakiti ni Kuwasha au Kuzima? Tahakiki ya Istilahi za Swichi ya Mkanyago

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haimalizikii katika orodha. Istilahi huthibitika au huanguka siku ile inapotiwa katika sentensi, na sentensi hiyo ikasomwa na mtu mwenye kazi mbele yake: mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, fundi aliyeshika koleo, au karani anayeandaa mwongozo wa usalama kwa wafanyakazi wa idara yake. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, mengi yamefanywa katika uwanja huu. Tumepata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, tumepata kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, na orodha nyingi za tafsiri sanifu kabla na baada ya hapo. Hazina hiyo hapana budi kuienzi. Lakini kuienzi ni pamoja na kuichungua inavyotumika.

Makala haya yanachukua kifaa kimoja kidogo, yaani swichi ya umeme inayotengenezwa kwa mkono na kufanya kazi inapokanyagwa au kubonyezwa, na kupima istilahi zinazotumika mara kwa mara katika kuyafasiri maelekezo yake. Kifaa hiki kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kinaweza kutengenezwa na mwanafunzi yeyote kwa vitu vinavyopatikana dukani na jikoni. Pili, katika maelekezo yake mafupi hukutana karibu matatizo yote makubwa ya istilahi za umeme. Mifano ya sentensi itakayotolewa haikunukuliwa katika kitabu chochote. Imetungwa ili kuonyesha makosa ya aina inayojulikana sana kwa wafasiri, walimu na mafundi.

Kifaa chenyewe

Haifai kuhakiki jina la kitu kabla ya kukifahamu kitu chenyewe. Swichi hii ni vipande viwili vya kadibodi vyenye ukubwa sawa. Juu ya uso mmoja wa kila kipande hubandikwa karatasi ya alumini, ile inayotumika kufungia chakula. Nyuso hizo mbili zenye alumini huelekezwa ndani, zikatazamana. Kati yake huwekwa kipande chembamba cha sponji kilichotobolewa matundu kadhaa makubwa. Waya mmoja hushikizwa kwenye alumini ya juu, na mwingine kwenye alumini ya chini. Nyaya hizo huingizwa katika sakiti yenye betri mbili za tochi, kila moja ya volti 1.5, na balbu ndogo au kengele.

Mtu asipokanyaga, sponji huzitenganisha alumini mbili, na mkondo hauna njia. Akikanyaga, sponji hubonyea, alumini ya juu hupenya katika matundu na kugusana na ya chini, na mkondo hupita. Akiondoa mguu, sponji hurudi katika hali yake na njia hukatika. Hivyo basi, sponji ina kazi mbili: ni kihami, na ni springi.

Hata katika maelezo haya mafupi mfasiri asiyejua kazi anaweza kujikwaa. Akikuta kwamba waya ushikizwe kwenye alumini, anaweza kuandika kwamba waya ulehemiwe. Kulehemu ni kuunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa, na alumini haishiki risasi ya kawaida kwa urahisi. Mwanafunzi anayefuata sentensi hiyo atachoma kadibodi yake na waya hautashika. Neno lililofaa hapo ni kubandika au kubana, kwa utepe wa gundi au kwa kibanio. Kosa hili limetokana na kutoijua kazi, na kamusi peke yake haiwezi kulizuia.

Juu ya neno swichi

Wako wanaoonelea kwamba neno swichi liondolewe, na mahali pake pawekwe neno la asili ya Kibantu. Mapendekezo yanayosikika zaidi ni kiwashio na kizimio. Nia ni njema, lakini mapendekezo haya hayafai, na sababu yake haihusiani na asili ya neno. Swichi hufanya matendo mawili yanayopingana. Neno kiwashio linataja tendo moja na kulificha la pili, na kizimio hali kadhalika.

Tuchukue mifano miwili. Viwandani hutandikwa mikeka ya usalama kandokando ya mashine za hatari. Mtu akikanyaga mkeka huo, mashine husimama. Ni mkeka wa namna ileile ya swichi yetu, lakini kuuita kiwashio ni kumpotosha mfanyakazi. Na katika jokofu la nyumbani kuna kitufe kilichofichwa karibu na mlango. Mlango unapokibonyeza, taa ya ndani huzimika. Mlango unapokiacha, taa huwaka. Kitufe hicho kinapobonyezwa huzima.

Neno swichi halina upungufu huo. Limekwisha ingia katika ngeli yake, linatamkika kwa silabi zetu, na mafundi wa Mwanza, Mombasa na Unguja hulitumia bila kufasiriana. Neno bomba nalo lilitoka kwa Wareno, na hakuna leo anayelihesabu kuwa mgeni. Kwa hiyo swichi libaki, na juhudi zetu zielekezwe mahali penye hatari zaidi, yaani katika maneno yanayoandamana nalo.

Kanieneo, shinikizo, presha

Mfasiri anayeletewa maelekezo ya swichi hii kwa Kiingereza hukuta imeelezwa kwa neno moja ambalo kwa Kiswahili lina tafsiri tatu. Istilahi ya fizikia ni kanieneo, iliyoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Hii ni mojawapo ya istilahi zetu zilizoundwa kwa ustadi, kwani jina lenyewe ni kanuni: kani iliyogawanywa kwa eneo inapofanya kazi. Neno shinikizo, lililotokana na kushinikiza, hutumika katika tiba tunaposema shinikizo la damu, na katika siasa tunaposema shinikizo la wananchi. Neno presha ni la mitaani na la karakana. Anayeambiwa kwamba jirani yake ana presha huelewa ugonjwa mara moja, na fundi akiambiwa pampu haina presha huelewa kasoro yake.

Je, kifaa chetu kiitwe swichi ya kanieneo? Mwanafizikia atasema kwamba jina hilo si la uongo. Mtu wa kilo 60 hukandamiza ardhi kwa kani ya niutoni 600 hivi. Akisimama kwa miguu miwili yenye eneo la jumla la sentimita za mraba 300, kanieneo yake ni paskali 20,000. Akiinua mguu mmoja, uzito haubadiliki hata kidogo, lakini kanieneo huwa paskali 40,000. Tukiweka juu ya sponji pana ubao wa nusu mita ya mraba, na mtu yuleyule akasimama juu yake, kanieneo hushuka hadi paskali 1,200, na huenda alumini zisigusane kabisa. Kwa hakika, kinachoibonyeza sponji ni kanieneo. Mfano huu ni mzuri kwa mwalimu anayetaka kuonyesha tofauti kati ya uzito na kanieneo.

Hata hivyo jina hilo lina wenyewe. Swichi ya kanieneo, katika lugha ya ufundi, ni kifaa kinachopimiwa kanieneo maalumu ya maji, hewa au mafuta. Pampu ya maji ya nyumbani yaweza kurekebishwa ianze kazi kanieneo ya maji ikishuka hadi bar 1.4 hivi, na isimame ikifika bar 2.8. Katika injini ya gari, swichi ya kanieneo ya oili huwasha taa ya hatari oili inapopungua nguvu. Vifaa hivyo vina viwango, na fundi huvinunua kwa viwango hivyo. Mkeka wa kadibodi na sponji haukupimiwa chochote. Afisa ugavi akiandika katika hati ya manunuzi kwamba anahitaji swichi kumi za kanieneo, huku akikusudia mikeka ya kukanyagia mlangoni, ataletewa vifaa vya pampu, na hatakuwa na la kumlaumu mwuzaji.

Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba kanieneo litumike pale tu kifaa kinapofanya kazi kwa kiwango cha kanieneo kinachopimika. Kifaa kinachofanya kazi kwa mguu kiitwe swichi ya mkanyago. Kinachofanya kazi kwa kidole kiitwe swichi ya kubonyeza. Shinikizo libaki katika tiba na katika mambo ya jamii, ambako limekwisha zoeleka.

Utajiri wa vitenzi

Hapa Kiswahili kina mali ambayo wafasiri wengi huiacha ghalani. Mahali ambapo Kiingereza hutumia kitenzi kimoja au viwili, sisi tunavyo vingi, na kila kimoja kina mahali pake. Kubonyeza ni kazi ya ncha ya kidole juu ya kitu kinachoingia ndani kidogo, kama mtu anayetazama iwapo embe limeiva. Kuminya ni kushika kitu kati ya vidole au viganja na kukikaza. Kubana ni kukishika kati ya vitu viwili kisitoke. Kukandamiza ni kutia uzito kwa juu, kama jiwe juu ya kifuniko. Kushindilia ni kukandamiza mara nyingi ili kitu kishikamane, kama udongo kuzunguka nguzo. Kusukuma ni kuondosha kitu mbele yako, kama mkokoteni. Kukanyaga ni kazi ya mguu, wala hakihitaji kuongezewa neno mguu.

Mfasiri anayeandika "sukuma kitufe" ameisahau lugha yake, kwani kitufe hakiendi popote. Anayeandika "bonyeza mkeka kwa mguu" ametumia maneno manne badala ya mawili, na bado hakusema kwa usahihi. "Kanyaga mkeka" yatosha. Tena, vitenzi hivi hutupa majina bila taabu: mkanyago, mbonyezo, mbano. Mtu anayetafuta istilahi za vifaa vya namna hii hana haja ya kwenda mbali. Avipange kwanza vitenzi alivyo navyo.

Kufunga na kufungua

Tumefika penye kiini cha tahakiki hii. Katika vitabu vya sayansi sakiti ambayo mkondo unapita huitwa sakiti iliyofungwa, na ile ambayo mkondo haupiti huitwa sakiti iliyo wazi au iliyofunguliwa. Lugha hii imefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na chanzo chake ni picha ya duara: duara likikamilika limefungwa, mkondo huzunguka.

Katika masikio ya Mswahili picha iliyomo ni nyingine. Tukifunga mlango, watu hawapiti. Tukifunga bomba, maji hayapiti. Tukifunga redio, sauti hukoma, tukiifungua, husikika. Kote huko kufunga ni kuzuia na kufungua ni kuruhusu. Katika umeme peke yake mwanafunzi anaambiwa kwamba kufunga ni kuruhusu na kufungua ni kuzuia.

Mambo hayaishii hapo. Kufunga kuna maana ya tatu katika kazi hiihii ya umeme, nayo ni kuweka na kukaza mahali pake. Husemwa fulani amefunga umeme nyumbani kwake, yaani ameuingiza. Husemwa fundi anafunga swichi ukutani. Basi tuitazame sentensi "fundi amefunga swichi". Yaweza kuwa na maana kwamba ameiweka ukutani. Yaweza kuwa na maana kwamba ameizima. Na kwa msomaji wa kitabu cha fizikia, yaweza kuwa na maana kwamba ameiwasha. Maana tatu, na mbili kati yake zinapingana kama mchana na usiku.

Katika mkeka wetu wenye volti 3 hasara ya kosa hili ni ndogo: kengele haitalia, au italia mfululizo hadi betri ziishe. Lakini tuipeleke lugha ileile katika mwongozo wa usalama wa jengo lenye umeme wa volti 230. Sentensi "funga swichi kabla ya kugusa waya" inaweza kuandikwa na mfasiri aliyefuata kitabu, akikosea kwa kutojua kazi, na inaweza kuandikwa na mwingine aliyefuata lugha ya nyumbani, akikusudia kuzima. Msomaji hana njia ya kujua anasomeshwa na yupi. Neno ambalo kwa mmoja huokoa maisha na kwa mwingine huyaondoa halistahili kuitwa istilahi, hata likiwa limechapwa katika orodha ngapi.

Turudi kwenye jokofu. Kwa lugha ya vitabu tungepaswa kusema: mlango ukifungwa, swichi hufunguka, na mlango ukifunguliwa, swichi hufungwa. Mwalimu atakayeisema sentensi hiyo mbele ya darasa atatumia nusu ya kipindi kuifafanua. Tatizo si la wanafunzi wala si la sayansi. Linatoka katika tafsiri iliyochukua picha ya lugha nyingine bila kuuliza iwapo picha hiyo inaonekana katika yetu.

Mapendekezo

Mwandishi wa makala haya anapendekeza jozi ya kuunga na kukata. Jozi hii haikubuniwa mezani. Watu husema umeme umekatika, na husema umeme wa mtu asiyelipa umekatwa. Akilipa, huunganishiwa tena. Kwa hiyo sakiti iliyoungwa ni ile inayopitisha mkondo, na sakiti iliyokatwa ni ile isiyopitisha. Hakuna anayeweza kuyageuza maana hayo.

Kutokana na jozi hii tunapata pia majina ya aina mbili za swichi ambazo hutusumbua sana. Kuna swichi ambayo ikiachwa haipitishi mkondo na ikikanyagwa hupitisha. Hii iitwe swichi ya kuunga. Kuna ambayo ikiachwa hupitisha na ikibonyezwa huzuia, kama ile ya jokofu. Hii iitwe swichi ya kukata. Majina haya yanataja tendo linalotokea mtu anapoigusa swichi, ambalo ndilo analohitaji kulijua. Wajerumani nao wamefuata njia hii: ya kwanza huiita kwa jina lenye maana ya mfungaji, na ya pili mfunguaji, wakizitaja kwa tendo badala ya hali. Tafsiri kama "swichi wazi kwa kawaida" na "swichi funge kwa kawaida" zinarudisha mkanganyiko uleule tuliokwisha uona.

Pingamizi mbili zinatazamiwa. Ya kwanza ni kwamba kukata waya ni tendo la koleo, na mwanafunzi anaweza kuambiwa akate sakiti akakata waya. Hoja hii ina uzito. Dawa yake ni kutaja daima kinachokatwa: waya hukatwa kwa koleo, sakiti hukatwa kwa swichi. Ya pili ni kwamba lugha ya sakiti iliyofungwa imekwisha enea shuleni. Ni kweli, na haiwezekani kuifuta kwa siku moja. Lakini vitabu vinaweza kuanza kwa kuandika jozi zote mbili pamoja, na miongozo ya usalama, ambayo haifungwi na mtaala, inaweza kuacha kufunga na kufungua mara moja.

Ili kuondoa utata, kanuni iwe hii. Chombo, kama taa, redio au mashine, huwashwa na kuzimwa. Sakiti huungwa na kukatwa. Mlango, bomba na kifuniko hufungwa na kufunguliwa. Na kifaa kinapowekwa ukutani, kisemwe kimefungwa pale tu mahali kilipofungwa panapotajwa.

Kama kielelezo, haya ndiyo maelekezo ya kifaa chetu kwa istilahi hizo:

Kata vipande viwili vya kadibodi vyenye ukubwa sawa. Bandika karatasi ya alumini juu ya uso mmoja wa kila kipande. Gundi isifike juu ya uso wa alumini utakaogusana na mwenzake. Menya ncha za nyaya mbili, na ubandike ncha moja kwenye kila karatasi ya alumini kwa utepe wa gundi. Toboa matundu makubwa katika sponji nyembamba, uiweke kati ya vipande viwili, alumini zikitazamana bila kugusana. Funga kingo kwa utepe. Unga nyaya katika sakiti yenye betri mbili za tochi na balbu. Kanyaga mkeka: sakiti itaungwa na balbu itawaka. Ondoa mguu: sakiti itakatwa na balbu itazimika. Ikiwaka bila kukanyagwa, alumini zinagusana. Ongeza unene wa sponji au punguza matundu. Isipowaka ikikanyagwa, panua matundu. Usiutumie mkeka huu kwa umeme wa ukutani kwa hali yoyote, kwani kadibodi na utepe haviwezi kuwa kihami cha volti 230.

Msomaji ataona kwamba kufunga kumetumika mara moja tu, kwa kingo na utepe, mahali ambapo hakuna wa kukosea.

Hitimisho

Inafaa Baraza, vyuo vya ufundi na wachapaji wa vitabu vya shule wakubaliane utaratibu mmoja: istilahi yoyote ya tendo isipitishwe kabla ya kutiwa katika sentensi ya amri, na sentensi hiyo ikapewa mafundi watatu au wanne wasiokuwapo kikaoni, kila mmoja akaonyesha kwa mkono atakalolifanya. Mikono ikitofautiana, istilahi irudi mezani. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, nayo ingeweza kuanza na maneno mawili haya, kufunga na kufungua, kabla ya toleo lijalo la mwongozo wowote wa usalama wa umeme kupelekwa kwa mpiga chapa.